Honi ya Karani

Karani hakuwahi kufika mahali popote kimya. Ukikaa Kebirigo, upande wetu wa barabara ya kwenda Ikonge, ulimsikia kwanza kwenye kona ya kinu cha unga, halafu darajani, halafu mbele ya kanisa, na alipotokea machoni pako ulikuwa umeshapata muda wa kupanguza meza, kufunga kitambaa vizuri na kumalizia umbea uliokuwa unamhusu. Honi yake haikuwa kali. Ilitoa sauti nzito ya puani, mara mbili, ikanyamaza. Kila mtu, kuanzia watoto wa chekechea hadi mbwa wanaolala nje ya bucha, alijua anayekuja ni nani.

Jina lake nalijua, lakini ukilitaja hapa sokoni utaulizwa unamtafuta nani. Alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani chai kwa miaka mingi, akastaafu, kazi ikaenda na cheo kikabaki. Mke wake mwenyewe alimwita Karani, na si kwa utani. Na nikisema "alikuwa" msije mkaanza kuchanga rambirambi. Yuko hai, anakula vizuri na anabishana na redio kila asubuhi. Ni goti tu lililogoma kupiga kiki, kwa hiyo pikipiki imepumzika chini ya turubai, nami nimepata nafasi ya kumweleza bila kukatizwa.

Mimi nauza spea. Duka langu ni lile lenye matairi yamening'inizwa mlangoni, na mbali na kuuza natengeneza umeme wa pikipiki, taa, swichi na betri. Nilisomea kazi hiyo Kisii mjini, chuo cha ufundi, na siku ya kwanza mwalimu aliniuliza kwa upole kama sikuwa natafuta darasa la ushonaji. Karani alikuwa mteja wangu, ikiwa mteja ni mtu anayekuja kila wiki, anakaa juu ya kreti ya soda, anakagua rafu zote kwa macho kisha anakwenda zake. Nilimpenda. Kuna watu wakikaa dukani mwako unajisikia kama duka ni la maana, na yeye alikuwa wa aina hiyo.

Pikipiki yake ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, ya zile zenye tangi jeusi na mistari ya dhahabu iliyofifia pembeni. Aliinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mzee wa kanisa la Kisabato kununua pikipiki ya padri ni jambo ambalo halingepita bila maneno, na nasikia waliitana kikao. Karani aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimenunua chuma. Misa sikununua." Kikao kikafungwa kwa sala.

Ile pikipiki ilikuwa na kila kitu chake cha asili isipokuwa kitufe cha honi. Kile cha kwanza kilidondoka mahali fulani kati ya Nyamira na Keroka, na badala ya kutafuta kingine alikwenda mpaka Tabaka, akamkalisha mchongaji mmoja chini na kumwelekeza achonge kitufe kwa jiwe lao la sabuni. Mchongaji alizoea kuchonga viboko na twiga wa kuuzia watalii, akashangaa sana. Kilitoka kidogo, cheupe chenye mshipa wa waridi, na kwa kubonyezwa miaka na miaka kikawa laini kama sikio la mtoto. Wakati mwingine pikipiki ikiwa imesimama nilimwona Karani akikipapasa kwa kidole gumba bila kujua anafanya hivyo.

Zamani za kituo, honi hiyo ndiyo iliyowatoa wanawake mashambani. Walikuwa wanachuma huko juu, vikapu mgongoni, na waliposikia zile sauti mbili kutoka upande wa mto walijua mizani inakaribia kufunguliwa. Hakuwahi kumwita mtu kwa mdomo. Mama mmoja aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kupeleka majani hakuwahi kumsikia Karani akipaza sauti, hata pale walipomjaribu. Na walimjaribu. Wapo waliomwagia majani maji ili yawe mazito, wapo waliosokomeza mabua chini na kufunika kwa machipukizi mazuri juu. Karani alichovya mkono mpaka chini ya kikapu, akautoa, akautazama, akasema, "Nimeona." Ni hilo tu. Wanasema heri angetukana.

"Nimeona" lilikuwa neno lake la kila siku. Ukimwonyesha mtoto wako mchanga, ameona. Ukimlalamikia kwamba serikali imepandisha bei ya petroli, ameona. Siku mtoto wangu wa pili alipopata nafasi ya shule ya upili nilimkimbilia barabarani na kumpa habari, na macho yake yakalowa kabisa, akavuta pua, akasema ameona. Ilikuwa juu yako kujua ameona kwa furaha au kwa hasira.

Kama mtu alimtaka azungumze zaidi ya hapo, njia ilikuwa moja: kumuuliza juu ya kuingia katika boma la watu. Hapo alifunguka. Alikuwa na imani kwamba nusu ya shida za dunia zinatokana na watu kufika bila kujulisha. "Nyumba iko na haki ya kujua nani anakuja," aliniambia zaidi ya mara moja. "Labda wanagombana. Labda wanakula na chakula ni kidogo. Labda mama ya nyumba amelia na hajafuta uso. Wewe unatokea tu, 'hodi, hodi', na kichwa iko ndani tayari. Hiyo si hodi. Hiyo ni wizi ya macho." Kwa hiyo alipiga honi kwenye mti uliokuwa mbali kidogo na lango la mtu, akangoja, akapiga tena langoni, akangoja, kisha akazima injini. Ukizaliwa huku unaona ni ustaarabu. Mgeni anaona ni mtu aliyekwama.

Nilimuuliza wakati mmoja kwa nini asikohoe tu kama baba mkwe wangu, ambaye hukohoa kuanzia barabarani mpaka nikohoe na mimi ndani ya nyumba kumjulisha kwamba nipo. Karani akatikisa kichwa. "Tangu ile ugonjwa ya barakoa? Jaribu kukohoa kwa gate ya mtu uone kama hawatafunga mlango na komeo." Nikamwambia basi apige simu. Hapo alinitazama kwa huruma ya kweli. "Simu inaingia mpaka kitandani, mama. Hiyo ndiyo mbaya kushinda zote."

Mtu huyu mwenye honi alichukia kelele. Kanisani alikuwa wa kwanza kuwaendea vijana wa kinanda na kuwaomba wapunguze spika. Muhubiri akipiga meza ngumi, Karani alikunja uso mpaka amina. Kwake honi haikuwa kelele. Alisema kelele ni sauti isiyo na anayengojewa nyuma yake, na alilisema kwa uzito hivi kwamba sikuthubutu kumwambia sijaelewa.

Siku ya Sabato hakuiwasha kabisa. Alitembea kwa miguu na Biblia kwapani, akiipita pikipiki yake uani bila kuitazama, ili isije ikamshawishi. Isipokuwa Sabato moja, jirani yake alishikwa na uchungu wa kuzaa katikati ya mahubiri na gari la karibu lilikuwa limeenda harusini. Karani alimpakia mama wa watu kwa nyuma, mkunga akamshika kutoka mgongoni, wakateremka hadi hospitali ya Nyamira na honi ikilia njia nzima. Walipomuuliza baadaye kuhusu kufanya kazi siku ya Bwana, alijibu kwamba aliyefanya kazi ni honi, yeye alikuwa amekaa tu.

Vijana wa bodaboda walimpenda na kumchokoza kwa kiasi kilekile. Walimwona akikata kona kwa mwendo wa mtu anayepeleka mayai, koti limevaliwa nyuma mbele ili upepo usimpige kifua, wakampigia miluzi. "Karani, hiyo mashine ni ya museum! Wauzie ukule pensheni ya pili!" Karani alipunguza mwendo, jambo ambalo hukudhani linawezekana, akawaambia, "Hii imezika tatu za kwenu." Halafu akapiga honi yake na wao wakampigia zao, zile za kisasa ninazowauzia mimi, zenye kulia kama ambulensi, kama jogoo, kama mtoto anayecheka. Nilimwekea moja ya zile asikilize. Alisikiliza kwa adabu mpaka ikaisha. "Hii inaita watu kwa mchezo," akasema, na sikumwonyesha nyingine.

Basi sasa mjue kwamba honi ya mtu kama huyu ilipoanza kusumbua, halikuwa jambo la spea peke yake.

Mara ya kwanza alikuja akisukuma pikipiki, jambo lililonishtua, maana injini ilikuwa nzima. "Bwakire, Karani," nikamwamkia. "Buya mono," akajibu, akaisimamisha kwa ile stendi yake ya katikati, usukani umenyooka, akakaa kwenye kreti. "Honi imekataa."

Nikabonyeza kile kitufe cha jiwe. Ikalia vizuri sana, kuku wa jirani wakatawanyika.

"Inalia," nikasema.

"Hapa inalia. Kule inakataa."

"Kule wapi?"

Akazitazama chupa za oili kwenye rafu kana kwamba ndiyo siku ya kwanza kuziona. "Kule."

Niliifungua hivyo hivyo. Honi za zamani ni kitu kizuri kufungua, kwa sababu kila kinachofanyika ndani unakiona kwa macho. Kuna kiwambo cha bati jembamba mbele, kuna sumaku ya waya nyuma yake, na kuna platini mbili ndogo zinazokutana na kuachana upesi mno mpaka bati linatetemeka na kutoa sauti. Nilikuta platini zimeshika ukungu mweusi. Nikazisugua kwa msasa laini, nikafunga, nikaanza kuitafuta sauti kwa ile skrubu ya nyuma. Hapo hakuna haraka. Unageuza kidogo, unabonyeza, inakoroma. Unageuza kidogo tena, inakohoa. Unarudisha nyuma kiasi cha nywele, na ghafla inapata koo lake. Karani alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. "Hapo," akasema. "Usiguse tena."

Wiki iliyofuata alirudi. Imekataa. Wapi? Kule. Nikabadilisha betri. Akarudi. Nikakwangua kutu mahali honi inaposhikana na fremu. Akarudi. Kila mara ililia dukani kwangu bila kusita, na kila mara alirudi uso umeshuka zaidi. Nilianza kukasirika, si naye, na hiyo honi. Nilikuwa naiota. Mume wangu aliniambia nimeanza kumtazama kama kitu kilichofungwa vibaya.

Nilijua "kule" ni wapi. Kebirigo nzima ilijua. Ni kwa mwanawe.

Kijana wa Karani anafanya kazi bandarini Mombasa, anarudi mwisho wa mwezi. Huko ndiko alikopata mke, msichana wa Voi, mwalimu wa chekechea, akamleta na kumjengea nyumba ng'ambo ya shamba la chai la baba yake, juu kidogo ya Ikonge. Walipata mtoto wa kike wakampa jina la mama yake Karani, Moraa. Na kwetu kuna kitu tunaita chinsoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, na ndiyo inayoamua nani asimame wapi. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hampi mkamwana wake mkono. Akifika anasimama mbali, anajulisha kwamba amefika, anangoja kuitikiwa, kisha anatolewa kiti uani, na hapo anaweza kukaa mchana kutwa akipokea uji, chai, ndizi na mjukuu. Wapo siku hizi wanaolegeza. Karani hakuwa wa kulegeza. Kwa mkamwana ambaye hakumzaa, hakumchagua na alimpenda sana, alikaza mara mbili.

Kwa hiyo honi ikikataa langoni pale, yeye haendi. Afike kimya kwa mke wa mwanawe, amkute amejifunga khanga moja akimwogesha mtoto? Afadhali asimwone mjukuu kabisa. Nililijua hilo na sikuweza kumwambia neno. Hiyo nayo ni chinsoni: huwezi kumkalisha mzee wa rika lile sokoni ukaanza kumzungumzia mkamwana wake. Tukabaki kuzungumza juu ya honi.

Siku moja akaniuliza, "Mama, wewe unaamini kitu inaweza kukataa mahali?"

"Kitu gani, tata?" nikamuuliza, maana ndivyo tunavyowaita baba zetu huku.

"Kama honi. Inalia barabarani. Inalia kwangu. Inalia hapa. Ikifika pale, kimya." Alipunguza sauti, yeye ambaye sauti yake haikuwa na mahali pa kupungua. "Labda ni ile boma haitaki mimi."

Huyu ndiye mzee aliyewahi kusimama kanisani akawakemea watu wanaoogopa bundi. Nilitaka kucheka, nikaona mkono wake ulivyokishika kile kitufe, na kicheko kikaniishia. Nikamwambia honi haina akili ya kukataa boma. Akasema ameona.

Mkamwana mwenyewe alikuja dukani kwangu siku mbili tatu baada ya hapo, mtoto mgongoni, akitafuta bulbu ya tochi. Nilimpa, akaishika, hakuondoka. Wageni wa huku hukosa mtu wa kuongea naye. Kisii chenyewe bado kinamshinda, na Kiswahili chetu nadhani kinamuumiza masikio, lakini ni mwenye adabu.

"Dada, wewe si ndiye unayemtengenezea baba mkwe pikipiki?"

"Ndiye mimi, Mama Moraa."

"Basi niambie. Nimemkosea nini?"

Nikamvutia kreti ya soda akae. Ikamtoka yote. Siku ya kwanza alimwamkia shikamoo, na mzee akajibu, "Asante." Akampa mkono, mzee akaficha wake nyuma. Akamkaribisha ndani, mzee akarudi hatua kama aliyemwagiwa maji. "Anapiga honi langoni kama konda wa basi, nikitoka anatazama paa. Nikadhani labda paa limeharibika, nikamwita fundi. Na sasa hata hiyo honi hapigi. Namwona dirishani, nimempakata mtoto. Anafika pale langoni, anasimama, anakaa juu ya pikipiki, kisha anageuza anaondoka. Babu yake mtoto! Anakuja mpaka langoni kisha anaona haifai kuingia!" Akajifuta macho na ncha ya leso. "Nimemwambia Baba Moraa, akija mwisho wa mwezi huu anikute nimefunga mizigo. Mimi na mtoto tunarudi Voi. Siwezi kuishi mahali ninapochukiwa kwa miadi."

Roho iliniuma. Nilimweleza basi, vile ninavyowaeleza ninyi, na zaidi, kwa sababu na mimi ni mkamwana wa mtu. Nilimwambia habari za kukohoa, za kiti cha uani, za kutopeana mkono. Nilimwambia mzee hatazami paa lake. Anamfichia macho ili yeye awe huru kwake. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Mume wangu hajaniambia hata moja ya hayo."

"Mume wako amezaliwa humo. Utamwambiaje mtu habari za hewa?"

Alifikiri. "Sasa dada, heshima gani hii inayofanana na chuki?"

Hapo alinikamata. Nikasema tu ndivyo ilivyo, ukiizoea inakuwa tamu.

"Haya. Mimi natakiwa nifanye nini?"

"Akipiga honi, mwitikie kwa sauti kutoka huko huko ndani. Usikimbilie nje. Jiweke sawa, kisha mtolee kiti."

"Na asipopiga?"

Nilimwambia hiyo niachie mimi. Alinunua bulbu yake akaenda, nami nikabaki nimejitwika familia ya watu juu ya honi ambayo sijui ina nini.

Karani alipokuja tena sikuifungua. Nilimwambia safari hii nataka kuiona ikikataa kwa macho yangu, kule kule. Alipinga. Akasema ni mbali, kuna tope, nitafunga duka bure. Nikamwambia hakuna daktari anayemtibu mgonjwa kwa kusimuliwa. Mwishowe akapiga kiki na kuondoka bila kujibu, na kwa Karani hiyo ndiyo ruhusa. Nikabeba mkoba wangu wa spana, nikapanda boda, nikamfuata.

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na majani ya chai yaling'aa pande zote mbili. Alipiga honi kila kona, mara mbili mbili, na ikalia kila kona. Dereva wangu alicheka, akaniuliza, "Madam, sasa hiyo ndiyo mbovu?" Tuliacha lami, tukapanda njia ya udongo katikati ya chai. Lango la mwanawe liko mkono wa kushoto, juu ya kiinuko kifupi chenye mwinamo mkali, na mtu hawezi kulikabili kwa mwendo. Karani alipunguza mpaka akasimama karibu, akaweka mguu chini, akaukunja usukani kushoto mpaka ukafika mwisho wake, akapanda taratibu na gurudumu limelala vile, akasimama. Akabonyeza.

Kimya.

Akazima injini, akabonyeza tena. Alinigeukia, na sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na uso wa mtoto aliyeachwa nje ya mchezo kiasi hicho. "Umeona mwenyewe," akasema.

Nilikuwa nimeona, ndiyo, lakini si alichodhani. Nilikuwa natazama shingo ya pikipiki, pale waya wa kitufe unapotoka kwenye usukani kuingia chini ya tangi. Ulikuwa umevutika mpaka umenyooka. Nikainama, nikaupapasa kwa vidole viwili, na katikati nikagusa mahali palipokuwa laini, plastiki tupu, shaba ya ndani imekatika. Usukani ukiwa umenyooka ncha mbili zinagusana na honi inalia. Ukiukunja kabisa kushoto zinaachana. Barabarani hakuna anayeukunja hivyo. Kwangu dukani ulikuwa umenyooka. Katika Nyamira nzima ni lango hili moja lililomlazimu kufanya hivi kabla ya kubonyeza. Nami muda wote huo nilikuwa natibu koo na ugonjwa uko shingoni! Nilifurahi nikajipiga paja.

"Tata, ni waya! Umekatika humu ndani. Ukikunja kushoto unaachana. Shika hapa uone."

Akashuka, akashika. Vidole vyake vilitembea juu ya ule waya polepole, vikasimama mahali penyewe.

"Kwa hiyo si boma?"

"Si boma. Ni waya peke yake. Nipe dakika chache niuunge."

Nilikuwa nimeshapiga goti na kuanza kufungua zipu ya mkoba, nikitafuta koleo na utepe, wakati sauti ya mwanamke ilipotoka ndani ya nyumba, kubwa, ya kuimba kidogo, Kiswahili cha kwao Voi.

"Nimesikia, baba! Karibu!"

Karani akasimama wima. Aliitazama honi, akanitazama mimi.

"Umeunga tayari?"

"Bado. Hata koleo sijalitoa."

"Lakini amesema amesikia."

"Na mimi nimemsikia akisema."

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa bado, ila pazia la dirishani lilikuwa linacheza. Ndani tulisikia kiti kikiburutwa sakafuni na mtoto akilalamika.

"Amesikia nini," akaniuliza Karani kwa sauti ya chini, "na haikulia?"

Nikamwambia hilo mimi siwezi kumjibu, amuulize mwenyewe. Akafikiri kidogo, akavua helmeti, akasukuma lango, akaingia uani kumuuliza.